Tope Lililochambuliwa

Mtaani walimwita dada yangu Mama Tope, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Kwa miaka kumi na mmoja alipanda mikoko katika kinamasi cha nyuma ya nyumba zetu, mche kwa mche, mgongo ukimuuma. Mimi, mdogo mtu nisiye na haya, nilimcheka tu.

Halafu tajiri mmoja akataka kukichimba kinamasi atengeneze mabwawa ya kufugia kamba. Mtaalamu wa mazingira akaja mbio. Alitueleza kwamba mikoko hunyonya hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto. Majani na mizizi vikifa huzikwa topeni, ambako maji huvizuia kuoza upesi, na ukaa hubaki humo mamia ya miaka.

"Tukionyesha ni mwingi, hawatagusa hapa," alisema. Akamwachia dada bomba la kuchotea tope, mifuko ya kulipeleka maabara likapimwe, na agizo moja: kabla ya kufunga, toa uchafu.

Uchafu! Kwa mtaalamu ulikuwa nailoni na vifuniko vya chupa. Kwa dada, aliyelelewa na mama asiyevumilia hata chuya moja kwenye mchele, uchafu ni kila kisicho tope. Tukakaa jikoni siku tatu, sinia mapajani, tukichambua vijizizi na majani meusi. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vyepesi zaidi. Tulivitupa vyote jalalani, tukafunga tope laini kama unga.

Majibu ya maabara yakarudi: ukaa kidogo mno. Tajiri akapewa kibali cha kuchimba. Katapila liliingia Jumatatu, na kufikia Ijumaa tope jeusi lilikuwa limelundikwa juani, linakauka, likirudisha angani kile lilichokihifadhi tangu enzi za mababu. Dada alikataa kula. Niliumia kumtazama.

Mtaalamu alikuja kumpa pole, akamuuliza alivyofanya kazi. Dada alieleza kwa fahari, hatua kwa hatua, hadi akaona uso wa mgeni unabadilika.

"Mama," alisema taratibu, "ile mizizi ndiyo iliyokuwa na ukaa wenyewe."

Dada akaketi sakafuni. "Basi nimeimaliza mimi mikoko yangu."

"Kuna mtu alikusaidia kuchambua?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Dada hakugeuka kunitazama.

"Hapana, mwanangu," akajibu. "Nilikuwa peke yangu."