Kivumbasi cha Uani

Yule mzee wa Kihindi hakusema neno kabla hajafunga kifungo cha koti. Ndivyo alivyozoea tangu enzi za Mwingereza, alipokuwa tajiri wa vitambaa hapa Kariakoo na mjumbe wa baraza la gavana. Serikali ilipotaifisha nyumba yake, akabaki mpangaji kama sisi. Basi kikao cha wapangaji kikataka tung'oe kivumbasi cha marehemu mkewe, mmea mtakatifu kwao Wahindu, ambacho mzee alikimwagilia kila asubuhi akisali, tujenge jiko. Akasimama, vidole vikahangaika na kile kifungo.

“Mheshimiwa Mwenyekiti…”

“Fupisha, babu, watu wana njaa,” akasema Shomari, mwenyekiti wetu.

Watu wakacheka, wakanyoosha mikono king'olewe.

“Wanaopinga?”

Akanyoosha mkono peke yake. Tulipotawanyika, nilimwacha uani, mkono ungali juu.