Maji Niliyoyaona Kutoka Angani

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, nilipokwenda likizo kwa bibi yangu kule Kimali nikiwa na nishani kifuani. Nilikuwa rubani wa jeshi, kijana wa kutamba kidogo, nisikufiche. Nishani nilipewa kwa kuwatoa majeruhi vitani huku ndege yetu ikipigwa risasi. Vita vilipokwisha, wakubwa wakanipa kazi niliyoipenda kuliko zote: kuruka juu ya mapori yasiyokuwa na ramani ya kueleweka, tukipiga picha mito, vilima na mabonde. Basi nilifika kijijini na magwanda yangu, na sikuyavua hata jua lilipowaka. Watoto walinifuata kila nilikokwenda, nami nilijifanya sioni.

Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma. Lambo lilibaki tope, ng'ombe walibaki mbavu, na wazee walikutana kila asubuhi kujadili wawapeleke wapi. Bibi alikuwa mjane. Hakuwa na mali nyingine ila mifugo aliyoachiwa na babu, na ndiyo iliyonisomesha. Nikasimama kwenye kikao, mbele ya watu wa umri wa baba yangu, nikawaambia wasihangaike. Nyuma ya vilima vya mashariki, ambako wafugaji wetu hawakwenda kwa kuogopa mbung'o na simba, nilikuwa nimeona bwawa kubwa likimeta, halina mwenyewe. Nani angembishia mtu wa nishani? Wazee walipiga makofi, na jirani yetu, mzee Masunja, akasema keshokutwa anaondoka na ng'ombe wake.

Bibi peke yake hakupiga makofi. Aliniita pembeni, akanishika mkono.

"Ng'wanone, mjukuu wangu, hayo maji umeyanywa?"

"Bibi, nilikuwa juu. Ndege haiwezi kushuka porini ikanywe maji."

"Basi hujayaona. Kwetu anayetumwa kutafuta maji hurudi nayo kwenye kibuyu, wazee wakaonja, ndipo ng'ombe wakafunguliwa. Babu yako alitumwa hivyo mara nyingi. Wewe kibuyu chako kiko wapi?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilijiona nimedharauliwa. Lakini ukifikiri vizuri, bibi hakusema kwamba maji yale ni mabaya, kwani hakuyajua, kama nami nisivyoyajua. Alichokataa ni kuwafungulia ng'ombe wake kwa neno tupu. Kesho yake alfajiri nikachukua kibuyu kwa hasira, nikamwomba binamu yangu Mabula anisindikize, nia yangu nirudi nimwoneshe.

Kutoka angani vilima vile vilikuwa kama mikunjo ya shuka. Kwa miguu vilitutoa jasho la damu. Miiba ilirarua magwanda niliyojivunia, mbung'o walituuma mpaka shingo zikavimba, na usiku tulilala juu ya mti kwa hofu ya simba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimezoea kuvitazama vya mvunguni nikiwa darini.

Tulipofika, ukingo wa bwawa ulikuwa mweupe, na hapakuwa na unyayo wa mnyama hata mmoja. Hilo lingetosha kunifundisha, lakini kiburi kina kiu yake. Nikainama, nikanywa. Yalikuwa magadi matupu. Nilitapika mpaka nikakosa nguvu za kusimama. Mabula alicheka sana, halafu akageukia tulikotoka.

"Masunja keshaondoka," akasema.

Tukajaza kibuyu, tukageuka tukikimbia. Tulimkuta mzee Masunja kesho yake bondeni na ng'ombe wake wote, ndama wakiburutwa kwa kamba, wengine wameshalala chini. Uso wake uliwaka furaha aliponiona. Kichwani mwangu uongo ulikuwa umeshajipanga: kwamba bwawa limekauka, kwamba jua limelikausha tangu nilipolipitia. Nani angejua? Lakini Mabula alikuwa ananitazama, na ng'ombe wale nao walikuwa wananitazama.

"Mzee, nilikosea," nikasema. "Sikuwa nimeyaonja."

Alipokea kibuyu, akaonja, akatema. Hakunitukana. Aliwaangalia ng'ombe wake, kisha akasema, "Ulisema mbele za watu, kijana." Akaanza kuwageuza. Nilibeba ndama mmoja mabegani ili nipunguze dhambi. Akafia mabegani kwangu kabla hatujafika kijijini, nami nililia, wala sioni haya kukwambia.

Niliporudi kwenye kile kikao nikasema yote, bila kupunguza. Nilishapita katikati ya risasi, lakini siku ile niliogopa zaidi. Wapo waliocheka. Bibi akainuka akasema, "Sasa ndiyo mmemsikia mtu aliyefika." Siku hiyohiyo aliwafungulia ng'ombe wake wakaungana na wa wengine kwenda Kalemela, ziwani. Ni mbali, lakini waliokwisha kunywa maji ya huko walikuwa wengi. Ng'ombe wake wengi walipona. Wa Masunja walishachoshwa na safari yangu, na wengi walibaki njiani.

Mwanangu, siku hizi nanyi mnaruka juu bila ndege. Mtu amekaa Bariadi mjini, simu mkononi, anamwelekeza mwenzake dawa ya kunywa, mbegu ya kupanda, mji wa kuhamia, na yeye mwenyewe hajafika. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo nakusihi: ukisema, sema pia kama umefika au umeona kwa mbali. Anayekuuliza kama umeyanywa usimkasirikie, maana huyo anakutakia mema kuliko wanaokupigia makofi. Na ukishampotosha mtu, usikae kutunga maneno. Mkimbilie. Aibu utaibeba huku unakimbia.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na miguu ya kufika huko. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuwahishe kwa uliyemwelekeza vibaya angali njiani, ana nguvu bado za kugeuka.