Mama wa Golikipa

Juzi nilirudi Kasongo baada ya miaka mingi, na kabla sijafika nyumbani nikasikia tusi lililonisimamisha njiani. Timu ya taifa ilikuwa ikicheza ng'ambo. Vijana walijazana mbele ya televisheni ya duka moja karibu na soko, na golikipa wetu alipoutema mpira ukaingia, wakamtukana. Halafu wakamtukana mama yake. Sina mtoto mchezaji, rafiki yangu, lakini lile tusi liliniuma kama langu. Ngoja nikwambie kwa nini.

Utotoni, jirani yetu alikuwa mama mmoja mjane aliyekaanga mikate ya mawese. Alfajiri harufu yake ilivuka uzio na kututoa kitandani. Mwanawe wa pekee alikuwa golikipa wa timu ya taifa. Hebu fikiria: mtoto aliyeteka maji kisima kimoja na sisi, leo anatajwa redioni kutoka Kinshasa! Mimi nilijiona dada yake kabisa, maana mama huyo ndiye aliyenisuka nywele, kichwa changu amekibana katikati ya magoti, na nikilia ananitia kipande cha mkate mdomoni.

Basi mechi moja ya ng'ambo mwanawe alifungwa goli la kizembe. Jioni hiyo vijana wa mtaa walirusha mawe juu ya mabati ya mama. Kesho yake watu wakapita mbele ya karai lake kama hawamjui, wakaenda kununua mikate kwa mwingine, mikate migumu! Bibi yangu peke yake hakuacha kununua. Alisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi tukala mikate asubuhi na jioni mpaka tukachoka.

Ikafika mechi iliyofuata, huko huko ng'ambo. Asubuhi mama huyo alikuja kumsaidia bibi kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, nikamsikia akisema, "Dada, kama leo wanatufunga, mimi naenda kwetu Kabambare. Siwezi kulala tena nikisikiliza mabati." Bibi alitwanga tu. Tangu saa hiyo sikutaka kombe wala sifa. Nilitaka mama asiondoke, na jambo hilo lilikuwa mikononi mwa mwanawe.

Babu alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaa, na redio ilikuwa yake. Betri zilikuwa zimeanikwa juani. Watu wakajaa uani kwetu, Waislamu na Wakristo, na mwalimu wa shule ya misheni akakaa karibu na redio, kwa kuwa mtangazaji alisema Kifaransa cha mbio na mwalimu ndiye aliyetugeuzia kwa Kiswahili. Ubaya wake, alipenda kusikia mpaka mwisho, ashike kichwa au acheke, ndipo aseme. Sisi tunamkodolea macho. Ningekuwa mkubwa ningemchapa.

Muda ukaisha bila goli, wa nyongeza vilevile. Penalti! Na jua nalo linatua. Babu alitazama mbingu, akatazama redio. Alipenda mpira kuliko vijana wote. Akampa mwalimu redio. "Punguzeni sauti. Mungu hangoji penalti." Akaenda, na wanaume wa msikitini wakamfuata shingo upande.

Adhana ikapaa. Tuliobaki tulibana vichwa juu ya redio. Kwenye upenyo wa uzio nilimwona mama, kijiko mkononi, na mikate yake inaungua ndani ya karai. Sikuwahi kumwona akiunguza. Wetu wakafunga, wao wakafunga, hivyo hivyo, mpaka mwalimu akasema, "Hii, kama anaishika, tumeshinda." Mtangazaji akapiga kelele. Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Nikamvuta shati. "Mwalimu, sema!"

"Ameshika," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyeamini.

Usiniulize kelele. Babu alituambia baadaye kwamba rakaa ya mwisho hakuna aliyejua anasoma nini, Mungu awasamehe. Nilikimbilia uzio kumpa mama habari. Yeye hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza, "Mutoto hakuumia?"

Mara vijana wakaingia uani kwake, wale wale, wakamnyanyua juu wakiimba, wakanunua mikate yote, hata iliyoungua. Alipoomba kushushwa, wakamshusha. "Juzi mulikuja na mawe, leo munakuja na nyimbo," akawaambia. "Asanteni. Lakini mapendo yenu inakaa mu mikono ya mutoto wangu, na mikono ya mutu inachokaga." Wakacheka, wakaendelea kuimba. Nami nilicheka. Tumeshinda, mama anabaki!

Asubuhi nikamkuta anafunga vyombo vyake kwenye baiskeli ya kaka yake. Nilishika kitenge chake nikalia. "Lakini tumeshinda!"

"Ndiyo, binti yangu," akasema. "Mawe nilishaizoea. Jana kule juu walikonibeba, kule ndiko niliogopa."

Bibi akamsindikiza mpaka njia ya Kabambare. Aliporudi alisema neno moja tu, ngoma ivumayo haidumu, akaingia jikoni, na siku nzima hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Haukupita muda mrefu, timu ikafungwa vibaya. Vijana wakaja na mawe, wakakuta mlango umefungwa kwa kamba na ua ni mtupu. Mmoja aliliangusha lake chini akaenda zake. Wengine wakarusha vilevile, juu ya nyumba isiyo na mtu.

Siku hiyo bibi alikataza mpira usisikilizwe tena uani kwetu. Mwalimu hakuja tena jioni, na wale waliokuwa wakikanyagana miguu wakizungumza wakabaki kila mtu kwake. Babu alisikilizia chumbani, peke yake, sauti chini kabisa. Tukawa hatujui tena kama tumeshinda ama tumefungwa. Tulimwona tu akitoka kwenda kuadhini, tukimtazama usoni, na uso haukusema kitu. Babu na bibi wameshatangulia mbele ya haki. Ninaikosa sana ile kelele ya uani kwetu, rafiki yangu, na mpaka leo ninaiogopa.