Betri Iliyovumbikwa

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na mwaka nilipokabidhiwa laptopu ya mradi, wasiwasi huo ulipata ajira kabla yangu. Nilikuwa karani wa muda katika mradi uliokuja Lushoto na soko huria, nikiandikisha wakulima waliopeleka kabichi na karoti Dar es Salaam. Mkuu wetu, mtu wa Tanga, aliniruhusu nikaimalizie orodha nyumbani. Jumatatu ningeirudisha mashine, na siku hiyohiyo angeamua kama naajiriwa. Kuhusu betri alikuwa mkali: isiishe kabisa, isilowe, isipate joto. Hilo la joto alilirudia mara mbili, nami nikaitikia mara tatu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Mama alikuwa na elimu yake ya betri. Za redio zikichoka alizianika juani, zikapata nguvu za kumalizia matangazo ya vifo. Kwa hiyo Alhamisi, nilipoichomoa betri ya laptopu na kuiacha mezani, alidhani nayo imechoka. Niliikuta uani kwenye ungo, katikati ya maharage, na mama ameketi pembeni akifukuza kuku.

Nilimpigia kelele. Mama yangu mzazi, mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto. Nilimwambia asiguse tena kitu asichokijua. Aliinua ungo akaingia ndani, na jioni akanikaribisha chakula kwa Kiswahili. Sisi nyumbani tunasema Kishambaa; Kiswahili mama alikiweka kwa ajili ya maofisa na wageni. Kiliniuma, lakini kichwani nilikuwa na Jumatatu, nikala nikarudi kwenye orodha.

Ijumaa ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Kila kitu kilikuwa na unyevu, hata chumvi. Nikaanza kuiogopea laptopu baridi. Niliirudishia betri, nikaiunganisha na umeme ipate chaji, nikaiacha inawaka, halafu, kwa akili zangu zote za sekondari, nikaifunika kwa blanketi zito la mtumba na kulichomekea pande zote. Mama alisimama mlangoni akinitazama. Nikaenda msikitini.

Hotuba ya siku ile sikumbuki hata neno. Katika rakaa ya pili, Mungu anisamehe, nilikumbuka kauli ya mkuu kuhusu joto, na nikaliona lile blanketi. Imamu alipotoa salamu nilitoka mbio, viatu mkononi, nikiteleza kwenye tope njia nzima.

Taa ya sebuleni, ambayo siku za ukungu tuliiwasha hata mchana, ilikuwa imezimika. Mama alikuwa kwenye kigoda mbele ya meza, mikono ameibana mapajani. Blanketi lilikuwa palepale nilipoliacha. Kulikuwa na harufu ya plastiki.

"Ilianza kunuka ulipotoka tu," alisema kwa Kiswahili. "Umeivumbika kama ndizi. Ulisema nisiguse, sikugusa. Nimezima meni swichi."

Nilifunua. Betri ilikuwa imevimba ubavu mmoja, na joto lake lilipita kwenye kitambaa nilichoishikia. Niliitoa nikaiweka uani, mbali na watu. Mashine ilipopoa niliomba umeme urudishwe, nikaiwasha kwa waya peke yake. Ikawaka, na orodha ilikuwemo yote. Sikufurahi. Niliona aibu, nikamwomba mama radhi. Akasema yamepita, lakini alisema hivyo kwa Kiswahili.

Jumatatu nilimweleza mkuu ukweli wote. Alifoka kwanza. Nilipofika kwenye meni swichi aliuliza huyo mama ana kazi gani. Kazi nikapata mimi, na betri nyingine ikaja baadaye kutoka Tanga.

Siku niliyoileta nyumbani, mama alikuwa bado ananikaribisha kama afisa. Niliitia betri kwenye chaji, wazi, bila hata kitambaa, na baada ya muda nikamsogezea mashine pale alipokaa.

"Mama, iguse," nilimwambia. "Mimi najiogopa."

Alikifuta kiganja kwenye khanga, mbele na nyuma. Akakiweka juu ya mashine kwa muda mrefu kama alivyozoea kunipima kwenye paji la uso nilipokuwa mdogo, kisha akaniambia, kwa Kishambaa, kwamba haina homa.