Gurudumu Lililomwangusha Bibi Mwajuma

Kuna mambo mtu hayasimulii mpaka awe ameshaoa, amezaa, na wajukuu wameanza kumcheka kwa mengine mengi, kwa hiyo hata akiongeza na hili haliharibu kitu. Mimi sasa nimefika hapo. Basi nisikilizeni, na mnaokula mtafune polepole msije mkapaliwa, niwaambie siku niliyomwangusha bibi wa mchumba wangu pale njia panda ya Mkiwa, mchana kweupe, basi limesimama, abiria wote vichwa madirishani.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nyumba zinapangwa mistari, kila mtu anabeba mlango wake kichwani, na mimi nilikuwa kijana wa Issuna, fundi baiskeli, na naomba mjue mapema kwamba nilikuwa najiona. Nilikuwa na spana zangu, tupa yangu, kopo langu la grisi na shati moja jeupe, na mtu akisema "fundi huyo anapita" basi kidevu kinapanda chenyewe. Shida yangu ilikuwa moja tu, nilimtaka Hadija, binti wa Mzee Omari, na Mzee Omari alikuwa mfugaji wa kuzaliwa, ambaye kwake mwanamume asiye na ng'ombe ni mpita njia tu. "Kukaza waya nayo ni kazi?" ndivyo alivyomuuliza mshenga wangu. Lakini hakukataa. Alisema wazee watakaa Jumamosi kwa mdogo wake, Mkiwa, na Bibi Mwajuma lazima awepo, maana ndiye aliyemlea Hadija tangu mama yake alipofariki, na bila neno lake binti haolewi.

Sasa Bibi Mwajuma alikuwa na goti bovu, na kutoka Issuna kwenda Mkiwa kwa mguu asingeweza. Mshenga alikuwa bado anakuna kichwa, mimi nikadakia kwamba nitampeleka mwenyewe, kwa baiskeli yangu, amekaa kwenye keria, juu ya gurudumu la nyuma nililolifunga kwa mkono wangu. Niliona nimewaza jambo kubwa sana: bibi afike bila kuchoka, na Mzee Omari aione kazi yenyewe kwa macho yake.

Gurudumu hilo lilikuwa bado halipo. Kilichokuwepo ni ringi, na habu, yaani kile kitovu cha chuma cha katikati ambako spoku zote huanzia. Habu yangu haikuwa ya kawaida, ilikuwa nene, yenye breki ndani yake, nilibadilishana na mtu wa Manyoni kwa majogoo, na nilikuwa naipangusa kila asubuhi (msicheke). Ubaya wa habu nene ni kwamba spoku za dukani huwa ndefu mno kwake, inabidi zikatwe kwa kipimo. Unapima kutoka katikati ya tundu la spoku hadi katikati ya tundu linalolikabili upande wa pili, kisha unapima nafasi kati ya sahani mbili za habu, zile zenye matundu, halafu unakwenda Itigi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Yeye alikuwa anachora gurudumu zima sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, anapima kwenye mchoro spoku iwe na urefu gani, anazikata na kuzitia meno. Ukikosea habu kidogo tu, spoku zote zinakosea pamoja.

Siku ya kupima, rula yangu ya chuma ilikuwa kwa maseremala waliokuwa wanajenga duka la kijiji. Ningeweza kuifuata nikarudi kabla chai haijapoa. Lakini jua lilikuwa kali, lori la Itigi lilikuwa limeshaanza kupakia, na uani kwa jirani palikuwa na ngozi ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile, imewambwa chini kwa vigingi, bado inateleza. Nikakata ukanda mwembamba pembeni, nikaunyoosha juu ya habu, nikatia alama kwa kisu, tundu hadi tundu, sahani hadi sahani. Nikaushika kwa ncha usiguse shati, nikadandia lori, nikaulaza juani juu ya magunia nikakaa kando yake kama mtu wa maana. (Mtaniuliza kwa nini sikubeba habu yenyewe. Habu ilikuwa na grisi na shati lilikuwa jeupe. Jibu ni hilo, sina lingine.)

Mzee wa Itigi naye aliniuliza hivyo hivyo.

"Habu iko wapi?"

"Nyumbani, Mzee. Nimekuja na kipimo."

Akauangalia ule ukanda, ambao jua la njiani lilikuwa limeshaukausha ukawa mgumu, kisha akaniangalia mimi. "Nakata kwa kipimo ninacholetewa," akasema. "Kipimo ni chako na gurudumu ni lako." Nikamwambia akate tu, mimi ni fundi. Akachora, akapima, akakata.

Nilipozifunga, zilikuwa ndefu. Si ndefu sana, ni kiasi cha kukuudhi tu. Nilikaza nipeli, zile kofia ndogo zinazoshika spoku kwenye ringi, mpaka meno yakaisha, na spoku bado zinacheza, na ncha zake zimechomoza ndani ya ringi pale mpira unapokaa. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi ilikuwa Ijumaa, kesho yake ndiyo siku, nikachukua tupa nikazikata ncha, nikazungushia ringi matambara, na kila mahali spoku zinapopishana nikazibana kwa waya mwembamba. Nikalizungusha, likazunguka vizuri. Nikanawa mikono, nikala, nikalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi nikafika kwa Bibi Mwajuma na shati jeupe limefuliwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Bibi."

Akaizunguka baiskeli mara moja, anaikagua kama punda wa kununua, halafu akakaa kwenye keria upande upande, fimbo mapajani, akashika shati langu. Hatujaiacha Issuna gurudumu likaanza kulia ting, ting. "Kijana," akasema, "chombo chako kinasema." Nikamwambia ni upya wake, kitanyamaza. Hakikunyamaza. Mbele kidogo mpira ukatoboka, Bibi akakaa juu ya jiwe akinitazama naziba, nami nikazidi kutoka jasho. Tulipopanda tena ringi ilikuwa inayumba na kukwaruza fremu. Hapo nilitakiwa nishuke nisukume, lakini nilihofia tutachelewa, na kwa kweli nilihofia zaidi kuonekana nasukuma.

Mkiwa tukaikuta imejaa. Basi limesimama, watu wanauza karanga na mayai, kuku wako kwenye matenga wanangoja kusafirishwa, na kule mbele ya nyumba ya mdogo wake, Mzee Omari amesimama na wazee wenzake wanatungoja. Nikataka kuingia kwa heshima, nikaongeza mwendo. Nikasikia spoku moja imeachia, na nyingine, halafu zote zikaachia kwa mfululizo, gurudumu likajikunja, usukani ukanichomoka mikononi, nikarushwa chali, na Bibi Mwajuma akaja juu ya kifua changu, na sisi wawili pamoja na baiskeli tukaangukia tenga la kuku.

Tenga likapasuka. Kuku walitawanyika chini ya basi na wengine wakaingia ndani ya basi, abiria wakashuka kusaidia kukamata, kondakta akawa ana kuku kila mkono, na mwenye kuku, mama mmoja aliyejaliwa sauti, akaanza kutangaza kwa Kinyaturu habari za ukoo wangu ambazo sitazirudia hapa. Hadija alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliweka sinia chini akaziba mdomo kwa pindo la kanga. Mpaka leo anasema alikuwa anasikitika. (Mabega yalikuwa yanatikisika, niliyaona mwenyewe.)

"Bibi, umeumia?"

"Nitafutie fimbo yangu," akasema, na kwa kweli hakuwa na hata mchubuko.

Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida tu. Mzee Omari hakunitukana. Alilitazama gurudumu, limebonyea kama kapu lililokaliwa, akaniuliza, "Hili ndilo ulilolifunga wewe?" Badala ya kusema ndiyo yakaisha, nikasema yule mzee wa Itigi ndiye aliyekata vibaya, kipimo changu kilikuwa sahihi, tena ninacho hapa. Nikautoa ukanda mfukoni mbele ya wazee, mbele ya kondakta na kuku wake, nikaulaza juu ya habu ili wote waone. Alama ya kwanza nikaiweka katikati ya tundu. Alama ya pili haikulifikia tundu la upande wa pili, ilipungua kiasi cha upana wa kidole. Nikauvuta. Haukuvutika.

Mzee Omari akauchukua, akaukunja, akaunusa.

"Ulipoikata ngozi hii ilikuwa mbichi."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi baiskeli siijui," akasema. "Ngozi naijua. Hapa mtoto akitaka kukaza mpini wa shoka anaufunga kwa ngozi mbichi, kwa sababu anajua ikikauka itajikaza. Wewe hukujua?"

Nilijua. Nimekaza mipini kwa ngozi mbichi tangu sijaota jino la mwisho, na ningeweza kumfundisha mtu mwingine. Nikasema, "Nilijua, Baba, sikukumbuka," na wazee wakaguna. Kuku sikuwajali tena, wala abiria. Nilijua nimemkosa Hadija, na niliumia kiasi kwamba sikuweza hata kuinama kuiokota baiskeli.

Wakaingia ndani, mimi nikabaki nje chini ya dirisha. Nilimsikia Mzee Omari akisema kwamba kijana hana ng'ombe, na hiyo kazi anayosema anayo wote wameiona. Watu wakaitikia. Ndipo Bibi Mwajuma akaanza kusema, polepole.

"Ninyi mlimwona kwa mbali. Mimi nilikuwa naye. Baiskeli ilipokuwa inaanguka aliiachia, mali yake yote hiyo, akaja chini yangu. Kama si kifua chake, saa hizi mngekuwa mnatafuta mtu wa kuniunga nyonga."



"Gurudumu atalifunga upya," akaendelea. "Mimi nakaa hapa namngoja. Akimaliza nitalipanda tena, anirudishe Issuna. Likinifikisha, mtoto ni wake. Lisiponifikisha, mimi mtakuwa mmeshanizika, mtaamua wenyewe."

Mzee Omari alisema, "Mama, acha," lakini yeye alikuwa ameshaomba chai.

Jumatatu nikapanda lori la Itigi, habu mapajani, grisi imeshika shati lote. Yule mzee akasema, "Leo umekuja nayo," akaipokea kwa mikono miwili, akaipima mwenyewe, hakuniuliza mengine, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Safari hii nipeli zilikaza, na kila spoku niliyoigusa kwa kucha ililia sauti moja na mwenzake. Nikasuka na tenga la yule mama upya. Kuku wake walikuwa wamepatikana wote, isipokuwa mmoja aliyeondoka na basi.

Bibi Mwajuma akapanda mbele ya watu wale wale. Goti lake bovu, mifupa yake ya uzee, akakaa kwenye keria kama vile hajawahi kuanguka, akashika shati langu. Tulipofika katikati ya njia, pasipo na mtu, moyo ukanisuta.

"Bibi," nikasema, "siku ile sikukuokoa. Nilirushwa tu."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuangukia."

Miguu yangu ikasimama kwenye pedali.

"Endesha," akasema.

Nikaendesha mpaka mlangoni kwake. Akashuka, akakung'uta kanga, akaliangalia gurudumu kidogo. "Hadija ni mzito kunizidi mimi," akasema. "Mwendo wako uwe huu huu." Akaingia ndani.

Tangu hapo sijapima kitu kwa ngozi, na fundi mwenzangu akisema nimpe vipimo tu, namwambia alete habu, hata kama imejaa grisi. Bibi Mwajuma alikwishatangulia, Mungu amrehemu. Nimesamehewa na watu wengi maishani, na wengi wao walinisamehe wamesimama pembeni, mahali salama. Bibi alinisamehe akiwa amekaa kwenye keria.