Gervasi Aliyekuja na Jembe

Mimi Tomaso nina mdomo, hilo Mogitu nzima wanalijua, na wala sioni haya. Balozi wa nyumba kumi asipokuwa na mdomo, watu watamkalia kichwani. Ila kwenye habari hii ya Gervasi, mdomo wangu ndio ulioniponza, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa.

Gervasi ni jirani yangu, tulipata kipaimara siku moja. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti miaka saba iliyopita, baada ya tela la trekta lililojaa magunia ya mahindi kupinduka korongoni na kumlalia. Tangu hapo anatembelea magongo. Watu wakimwona njiani wanadhani kazi kubwa ni kutembea. Hapana bwana, kazi ni mikono. Mtu wa magongo akitembea hana mikono, yote miwili iko kazini. Kikombe cha chai hawezi kukitoa jikoni hadi kibarazani. Akishakamua ng'ombe anamimina maziwa kwenye dumu, analifunga mgongoni kwa kanga ya mkewe Paskalina kama mama aliyebeba mtoto. Watoto wa shule walimcheka wiki nzima, kisha wakazoea.

Masika ndiyo adui yake. Udongo wetu ukilowa, gongo linazama na kukwama, naye anabaki amesimama katikati ya njia akilitukana kwa Kiiraqw. Mipira ya chini ya magongo ikiisha anakata kipande cha tairi la pikipiki na kukipigilia. Na ule mguu usiokuwepo bado unamwasha. Aliwahi kuninong'oneza kanisani, katikati ya mahubiri, kwamba kidole kidogo kinamwasha na hana pa kujikuna. Tulicheka hadi katekista akatugeukia. Lakini kinachomuudhi kuliko vyote ni msaada wa ghafla. Mtu anamkamata mkono bila kumwuliza, eti anampandisha ngazi, na hapo ndipo anapoanguka.

Sasa kosa langu. Kwetu ukitokea msiba, kila nyumba inatoa mwanamume wa kuchimba kaburi. Leo unamchimbia baba yangu, kesho namchimbia wako, na nyumba isiyotoa mtu inasemwa. Gervasi alipotoka hospitali, mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikatangaza kwamba yeye hatachimba tena, ametumikia vya kutosha. Watu walipiga makofi. Nilijiona mtu mwema sana. Kuanzia hapo, akija msibani anawekewa kiti pamoja na wazee wa miaka themanini wanaosimuliana habari za meno yao. Wakati huo yeye alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakulalamika, nami sikumwuliza.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Wolfgang akafariki. Presha ilimwangusha asubuhi akiwa anafungulia ng'ombe. Huyu Wolfgang ndiye aliyemkuta Gervasi chini ya lile tela. Alifukua udongo kwa mikono mitupu mpaka akamtoa, kucha zikang'oka, akambeba mgongoni hadi barabara kubwa. Ndiyo maana nasema aliyefariki hakuwa mtu wa kawaida kwa Gervasi.

Siku ya maziko tulianza kuchimba mapema, nyuma ya nyumba ya marehemu. Tulipofika kina cha kiunoni tukakutana na changarawe ngumu. Nikawa nawapanga vijana wapokezane, namkaripia huyu, namsukuma yule. Kugeuka hivi, namwona Gervasi anakuja na magongo yake, jembe la mpini mfupi kalifunga mgongoni.

Nilimwambia arudi akakae na wazee. Akajibu kwamba amekuja kuchimba. Nikarudia, sasa kwa sauti ya ubalozi, kwamba jambo hilo tulishalimaliza na kazi ina watu wake. Vijana wakaacha kazi, wakawa wanatutazama. Mwanangu Gidion akamwendea kwa heshima, akampa shikamoo, akataka kumpokea jembe. Gervasi aliitikia marahaba, lakini jembe hakuliachia.

Nikafoka. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mimi nikiogopa nafoka. Nilimwuliza, akiangukia mle ndani akavunja na huu mguu mmoja uliobaki, mimi nitamwambia nini Paskalina? Na mtu kuanguka kaburini siku ya msiba, nani hapa atalisahau hilo?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwaka juzi mlimchimbia baba yangu. Mimi nimemchimbia nani, Tomaso?"

Nikainama kuokota changarawe ambazo hakuna aliyezihitaji. Mimi, na mdomo wangu wote huu.

"Huyu alichimba kwa kucha zake ili mimi nitoke," akasema. "Akizikwa leo na mimi nimekaa pale na wazee, sijui kesho nitaamkaje."

Nikampisha. Akakaa ukingoni, akalifungua jembe na kulitupia ndani, akanipa magongo niyashike, akajishusha kwa mikono. Kaburi ni jembamba. Akaegemeza mgongo ukuta wa huku, kipande cha paja la mguu uliokatwa akakibana ukuta wa kule, mguu wake mmoja akaukita chini, na udongo ukamshika pande zote. Akanyanyua jembe kwa mikono miwili.

Miaka saba sikuwa nimemwona amesimama huku mikono yake iko huru. Alichimba. Changarawe ikaanza kubanduka. Vijana walikuwa wakipokezana kila baada ya muda mfupi, yeye alikataa kutoka. Alikuwa analia, wala hakujificha, analia na kuchimba, na mara mojamoja anamwita Wolfgang kwa jina. Niliona aibu, sana. Nilikuwa nimemnyang'anya mwenzangu nafasi yake kati yetu, halafu nikapigiwa makofi.

Alipochoka alisema mwenyewe. Akainua mikono juu, Gidion na mwenzake wakamvuta, nami nikamrudishia magongo yake. Alikuwa amejaa udongo hadi kwenye nywele, anahema. Akanikazia macho.

"Na lako nitachimba," akasema.

Kwetu mtu akikutamkia maneno hayo, mnakunjana mashati palepale. Mimi nilimwambia asante.