Mlinzi wa Himbi kwenye Benchi la Wajawazito

Saa moja asubuhi, mtaa wa Himbi mjini Goma, Mirindi Bagalwa anafagia ua ambao hakuna aliyeukanyaga tangu alipoufagia jana. Anaanzia barazani, anashuka hadi kwenye geti la chuma, anaokota majani mawili ya mparachichi yaliyothubutu kuanguka. Kisha anaigeukia nyumba, vyumba vyote vimefungwa, na kuisabahi.

"Jambo, patron."

Nyumba haijibu. Patron, yaani bosi wake, mtumishi wa shirika moja la misaada, alipakia mabegi vita vilipoingia mjini, na hajarudi.

"Afadhali nyumba," anasema mlinzi huyu mwenye miaka hamsini na minane. "Hata patron mwenyewe alikuwa haitikii."

Mshahara wake, dola mia moja na ishirini kwa mwezi, hufika kwa simu pale unapokumbuka njia. Mkewe, Domitille, yuko Kalemie. Alikwenda kumsaidia binti yao kujifungua, vita vikakaa katikati, na kurudi kukawa hadithi. Huongea Jumapili, mtandao ukiwa na huruma.

Akiwa peke yake, Mirindi ilimbidi ajifunze kumpikia mtu mmoja. Akachagua makayabu, samaki wa chumvi, kwa kuwa kipande kimoja kinakaa siku nyingi bila kunung'unika. Asubuhi makayabu, jioni makayabu.

"Yeye tu njo alikuwa ananingojaka ku meza," anasema, yaani samaki huyo ndiye pekee aliyemngoja mezani.

Kichwa kikaanza kumgonga kisogoni. Alikwenda kituo cha afya, akasema kichwa, akapewa vidonge vya malaria. Akarudi na kichwa kilekile, akapewa vidonge vilevile. Safari iliyofuata alikuwa anaona ukungu, akaambiwa ni uzee, atafute miwani. Akainunua kwa mchuuzi wa barabarani. Ukungu ukabaki palepale, ila sasa aliuona vizuri zaidi.

Siku zote hizo, mashine ya kupima shinikizo la damu, tansio kama Goma inavyoliita, ilikuwa upande wa pili wa ukuta, hapohapo kituoni. Ilikaa kwenye meza ya wajawazito. Ile ya wagonjwa wengine ilikufa zamani na haikuzikwa. Bado inaning'inia kwenye msumari. Na ni mwanaume gani atakwenda kukaa benchi la wajawazito?

Mirindi alikwenda, lakini si kwa ajili yake. Jirani yake Umutesi, mimba imeshakua, aliteleza kwenye mawe ya lava akaumia mguu. Mumewe ni dereva wa lori, alikuwa amekwama Beni. Mirindi akamshika mkono hadi kliniki ya kituo hicho, akaketi naye kungoja zamu. Wanawake wakamwangalia, wakaangaliana, na mmoja akashindwa kuvumilia.

"Papa, na yako iko na miezi ngapi?"

"Hii ni ya makayabu," akajibu, akijipapasa tumbo.

Benchi zima likacheka. Muuguzi Clotilde, alipomaliza na Umutesi, akamfunga Mirindi ule mkanda wa kupimia mkononi, utani tu, wamama wamalizie kicheko chao. Mashine ikasoma mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Clotilde akaufungua, akaufunga mkono wa pili. Mashine haikubadili maneno. Kicheko kikakatika.

"Papa, uko unatembea namna gani?"

"Na miguu," akasema Mirindi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Clotilde hafichi. "Mwanaume akisema kichwa, tunaandikaka malaria," anasema. "Hakuna mwenye anavuka ukuta kuleta mashini." Anaeleza kwamba tansio linaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma, huku likila figo na macho, hadi siku linapopasua mshipa kichwani. Jicho la kushoto la Mirindi huenda lisirudi sawasawa. Akaanzishiwa dawa za kila siku, na makayabu akapigwa marufuku. Habari ya jicho aliikubali. Ya makayabu aliomba wajadiliane.

Lakini kinachomsumbua zaidi ni Bashige, mlinzi wa geti la jirani, aliyekuwa akiongea naye kupitia juu ya ukuta. Bashige alikutwa amekufa uani, geti limefungwa kwa ndani, siku mbili hakuna aliyejua. Mtaa ukasema ni karuho, sumu ya watu wenye wivu. Mirindi naye alisema karuho.

"Sasa minajiuliza," anasema, macho kwenye ufagio. "Bashige pia alikuwa analia kichwa. Mimi njo nilimupa vidonge vyangu vya malaria."

Tangu hapo analiangalia geti lake kwa jicho jingine, lile linaloona. Kwa miaka yote sifa yake ilikuwa komeo. Siku hizi, kukipambazuka, analivuta, na mlango mdogo wa geti unabaki umerudishwa tu. Jina la barabara hatulitaji, wezi nao husoma. Umutesi, mtoto mgongoni, akipita kwenda sokoni anausukuma na kuita: "Muzee, uko?" Akisikia "niko", anaendelea na safari yake. Siku nyingine hiyo "niko" ndiyo neno pekee ambalo Mirindi amemwambia binadamu.

"Waliniajiri nifunge," anasema. "Lakini nikianguka, nani atapanda ukuta? Vile vipande vya chupa huko juu, ni mimi nilivipanga."

Tansio lake limeshuka, ingawa Clotilde anataka lishuke zaidi. Domitille bado anajua ni malaria. Mirindi amepanga kumwambia Jumapili hii. Ameshafanya mazoezi mbele ya nyumba, na nyumba imepokea vizuri.

Anaegemeza ufagio ukutani, anaenda kuuangalia ule mlango mdogo, anausukuma kidogo kwa kidole kuhakikisha haujakwama.

"Namujua Domitille. Barabara ikifunguka atakuja bila kupiga simu," anasema. "Nataka akisukuma, mulango ufunguke. Na akiita, mimi niitike."